Neno la Kwanza kwa Binti Mwenye Mimba



Hakuna habari ipenyayo kuta za nyumba upesi kama habari ya binti wa shule aliyepata mimba. Jioni mama ameshuku; usiku baba ameambiwa; asubuhi jirani achotaye maji bombani amekwisha kujua; na Jumapili, kabla padre hajafika altareni, benchi zima la nyuma lanong'ona. Katika siku hizo tatu nne kila mtu asema neno lake. Mmoja tu haulizwi kitu, isipokuwa jina la mwanamume: ndiye binti mwenyewe.

Juma hili twapenda kusema juu ya neno la kwanza aambiwalo binti huyo, na juu ya mtu afaaye kulisema. Twajua kwamba baadhi ya wazazi watakunja uso. Watasema kwamba gazeti la Kanisa yalipasa kuhubiri usafi wa moyo, lisije likaonekana kuwapa watoto kibali. Usafi wa moyo tumeuhubiri, na tutauhubiri tena. Lakini binti huyu ana mimba leo. Nyumba ikishika moto, mwenye nyumba hafundishwi saa ile namna ya kuweka kibatari mbali na pazia.

Wala tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya nyumba za wengine. Uchunguzi wa afya ya wananchi uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, wasichana 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Uchunguzi wa namna hiyo wa mwaka 2015-16 ulihesabu 27. Idadi imeshuka, na tumshukuru Mungu. Tena wengine kati yao ni wake za watu. Hata hivyo, ni vigumu kuona kigango ambacho jambo hili halijakibishia hodi.

Na tuungame kwanza kosa letu wenyewe. Mwaka 2020, tulipokuwa bado wapya katika upadre, mzee mmoja alitujia alasiri pamoja na binti yake wa miaka 15, mwanafunzi wa Kidato cha Pili, mwenye mimba ya miezi mitano. Mkewe alibaki nje chini ya mwembe, maana mumewe hakumwambia aingie, wala sisi hatukumwita. Tukawaketisha baba na binti ofisini, na swali letu la kwanza likawa: "Ni nani?" Binti akatazama sakafu. Baba akapaza sauti. Tukauliza mara ya pili na ya tatu. Alipokataa katakata kusema, tulimhubiria nusu saa nzima juu ya amri ya sita, juu ya heshima ya wazazi na ada ya shule iliyopotea, kisha tukamwagiza apige magoti mbele ya baba yake amwombe radhi. Akapiga magoti. Baba akasamehe, tukawabariki, wakaenda zao. Nasi jioni ile tulikula chakula chetu kwa raha, tukijiona tumefanya kazi ya mchungaji.

Baada ya majuma mawili binti alitoroka. Alipatikana katika zahanati moja ya masista, safari ya nusu siku kutoka kwao, miguu imevimba. Aliyempokea ni sista mkunga aliyekuwa amepata mafunzo ya ushauri nasaha. Siku ya kwanza hakumwuliza jina la mtu ye yote. Alimpa uji, akampima msukumo wa damu, akamwuliza usiku ule alilala wapi, na kama mtoto anacheza tumboni. Siku ya pili, kabla binti hajafumbua kinywa, alimweleza ni mambo gani atamfichia na ni mambo gani hana ruhusa ya kuyaficha, yaani kama yuko mtu anayemdhuru, au kama yeye mwenyewe ana nia ya kujidhuru. Siku ya nne binti akasema. Mwanamume yule alikuwa ndugu wa baba yake, akaaye nyumba ile ile, naye ndiye aliyekuwa akimlipia ada.

Twaandika haya kwa ruhusa yake binti, na tumeyaficha yote yawezayo kumtambulisha. Basi sisi, padre, tulimpigisha magoti mtoto aliyetendewa uovu ili aombe radhi; tukamwuliza jina la aliyemtenda mbele ya ndugu wa mtu huyo; kisha tukamrudisha katika nyumba ile ile.

Msidhani kwamba sista alitushinda kwa huruma. Sisi pia tulimhurumia yule mtoto. Alitushinda kwa ujuzi. Katika seminari kuu tulisoma falsafa na teolojia miaka mingi, tukajua kupambanua dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. Lakini kukaa na mtoto mwenye hofu, bila kumharakisha wala kumwekea maneno kinywani, mpaka aseme yaliyo yake, hiyo ni kazi yenye mafunzo yake. Mtu hashoni jeraha kwa sababu tu ampenda mgonjwa. Twampeleka mgonjwa kwa ajuaye kushona, nasi twamshika mkono.

Mimba nyingine, kweli, haitokani na uovu wa namna ile. Nyingine ni ya kijana mwenzake wa darasani. Nyingine ni ya dereva wa bodaboda aliyempa lifti asubuhi nyingi kwa kuwa shule iko mbali na nauli haipo. Nyingine imepatikana katika chumba cha kupanga karibu na shule, mahali ambapo mtoto wa miaka 14 hujipikia na kujilaza peke yake, nasi wazazi twasema tumempeleka kusoma. Ni ipi kati ya hizo? Hatujui, mpaka mwenyewe aseme. Ndiyo sababu hukumu itanguliayo masikilizano huwa karibu kila mara hukumu ya mtu asiyejua anachohukumu. Sheria ya nchi imeliona jambo hilo. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume amwingiliaye msichana asiyetimiza miaka 18, asiye mkewe, ametenda kosa la kubaka, hata kama msichana asema alikubali. Na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi. Twashangaa basi kuona wazazi Wakristo wakikutana usiku na wazee wa upande wa pili kupatana ng'ombe au fedha, na asubuhi binti aambiwa kwamba mambo yamekwisha.

Yafaa tumtazame Elizabeti, mke wa Zakaria. Hatumlinganishi hata kidogo Bikira Maria, Mama wa Mungu asiye na doa, na hali ya dhambi. Twasema tu kwamba machoni pa majirani wa Nazareti alikuwa msichana aliyeposwa, asiyekaa bado na mumewe, naye alikuwa na mimba. Alikwenda kwa haraka nchi ya milimani, kwa jamaa yake, mwanamke mtu mzima aliyekuwa mwenyewe katika mwezi wa sita. Na Luka atuambia neno la kwanza alilolipata pale mlangoni: lilikuwa baraka. Elizabeti hakuuliza swali la kumchunguza. Alimbariki yeye, akambariki na mtoto wa tumboni, kisha akakaa naye kama miezi mitatu. Yosefu naye, kabla malaika hajamfumbulia siri, alikuwa na torati mkononi na sababu zote za kibinadamu za kumtangaza. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hakutaka kumwaibisha. Mwinjili aliita jambo hilo haki. Sisi mara nyingi twaiita haki kelele tupigayo uani ili majirani wajue kwamba sisi ni wazazi wakali.

Twawasihi basi akina baba na akina mama, usiku ule wa kwanza, msipige. Msimfukuze. Msimhoji mbele ya wajomba na baba wadogo. Kama hasira imewajaa, na baba atoke nje apunge upepo, na mama amwambie binti maneno mafupi tu: "Kaa hapa. Ule. Hatutakufukuza. Kesho tutakwenda pamoja zahanati." Wazee wetu walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mithali hiyo hutajwa sana siku hizo kwa kumsimanga binti, kana kwamba yeye ndiye mchumaji na sisi tumelazimishwa kula. Twaisoma kwa namna nyingine: wa kwao ndio hukaa naye mezani. Asipokaa nao, atakaa na nani?

Atakaa na yule amwambiaye kwamba kuna majani, kuna vidonge, kuna bibi fulani nyuma ya soko. Hapa tuseme bila kuzungusha. Kanisa halijabadili wala halitabadili fundisho lake juu ya uhai wa mtoto aliye tumboni. Lakini mzazi apigaye ngumi meza na kuapa kwamba mtoto huyo hatazaliwa chini ya paa lake, asije kesho akasema kwamba utoaji mimba ni shauri la binti peke yake. Amemwonyesha njia kwa kidole. Na ikiwa jambo hilo limekwisha kutendeka, kwanza apelekwe hospitali, maana damu haingoji maswali. Kisha ajue kwamba mlango wa huruma haukufungwa: tangu Novemba 2016 Baba Mtakatifu Fransisko aliwapa mapadre wote, siku zote, uwezo wa kuondolea dhambi hiyo wamwendeao kwa majuto.

Kwa habari ya kitubio, twapenda kuwaambia hasa mapadre wenzetu na makatekista jambo moja ambalo tulichelewa kulijua. Kiti cha maungamo na kiti cha ushauri ni viti viwili. Wako wazazi wamletao binti na kusema, "Padre, muungamishe," wakidhani kwamba humo ndimo atakamosema yote. Kwanza, aliyebakwa hana dhambi ya kuungama juu ya tendo lile, na kumwingiza kitubioni kwa nguvu ni kumfundisha uongo juu yake mwenyewe na juu ya Mungu. Tena, kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa yafunga siri ya kitubio pasipo udhuru wo wote: aliyoyasikia padre pale hawezi kumwambia mzazi, wala mganga, wala polisi. Basi padre achanganyaye viti viwili ajifunga mikono mwenyewe. Binti akimwambia kitubioni kwamba nyumbani yuko amdhuruye, atakachoweza kufanya ni kumsihi ayaseme tena mahali pengine, kwa mtu awezaye kutenda. Ushauri ufanyike mchana, chumba chenye mlango usiofungwa kwa ufunguo, mama au sista akiwa karibu, na padre akijua pale elimu yake inapokoma.

Mtu huyo mwingine ni nani? Katika halmashauri yuko afisa ustawi wa jamii. Katika vituo vya polisi limewekwa Dawati la Jinsia na Watoto. Ipo simu ya mtoto, namba 116, ambayo haitozwi malipo. Katika zahanati na hospitali wako wakunga na washauri waliofundishwa. Ikiwa binti ametendewa kwa nguvu siku hizo hizo, asingoje mashauri ya ukoo: dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya saa 72, na kadiri iwahivyo ndivyo ifaavyo.

Na mwili wake nao hauwezi kungoja aibu ipoe. Kliniki yapasa kuanza kabla ya wiki ya 12, wakati ambapo binti wengi bado wajifunga khanga tumboni ili wasionekane. Msichana ambaye mifupa ya nyonga yake haijakomaa yu katika hatari ya uchungu uliozuiliwa, na hapo hutokea fistula, jeraha limwachalo akivuja mkojo mpaka watu wamkimbie. Kifafa cha mimba humwandama zaidi kuliko mwanamke wa miaka 25. Shirika la Afya Duniani limehesabu matatizo ya mimba na uzazi miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 ulimwenguni. Mama amfichaye binti kijijini kwa bibi yake mpaka ajifungue adhani anaificha fedheha. Je, akipata kifafa usiku wa manane, hospitali iko wapi?

Wako pia wanaodhani dawa ya yote ni ndoa ya haraka. Binti huvalishwa shela, kijana huburutwa, na padre huombwa abariki kabla tumbo halijaonekana. Twajibu kwamba kanuni ya 1103 yatamka kuwa ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa si ndoa, na kanuni ya 1072 yawaagiza wachungaji wawazuie vijana kufunga ndoa kabla ya umri uliokubaliwa na desturi za nchi. Sakramenti si blanketi la kufunikia aibu ya wazazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Ingekuwa fedheha kwetu majaji wamwonee mtoto huruma ambayo paroko hana.

Juu ya shule twasema wazi vile vile. Kwa miaka mingi Tanzania Bara binti mwenye mimba alifukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 zilitumika kumtoa kwa jina la kosa dhidi ya maadili, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi darasani. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba zuio limeondolewa, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukatolewa. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na utaratibu wa kuwarudisha tangu mwaka 1994. Basi mshauri asiyejua habari hizi amweleza binti kwamba maisha yake yamekwisha, kumbe mlango uko wazi. Na shule zetu wenyewe, zenye majina ya watakatifu langoni? Ingefaa kila bodi ijiulize, kabla ya muhula mpya, kama binti aliyejifungua angerudi kwao, angepokewa na nani, na kwa neno gani.

Yako mambo ambayo parokia yaweza kuyafanya bila kungoja fedha za mbali. Akina mama wawili watatu wa WAWATA, wenye siri na wenye subira, wasiochaguliwa kwa cheo wala kwa sauti yao kwaya, wapelekwe wakafundishwe kwa maafisa ustawi na wakunga, na fundisho lirudiwe. Katekista akome kumtaja mtu mbele ya jumuiya. Na makarani wa ofisi waache kuwarudisha mama wasio na waume waletao watoto kubatizwa. Kanuni ya 868 yataka idhini ya mzazi mmoja walau na tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani, basi. Mwezi Desemba 2023 ofisi ya Mafundisho ya Imani huko Vatikano ilimwandikia askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika juu ya mama wa namna hiyo, ambao kwa kuogopa ukali wa mapadre na viongozi hawathubutu kukaribia Komunyo. Ikahimiza kwamba wakiisha kuungama wasaidiwe kuikaribia meza ya Bwana.

Wasomaji watataka kujua yaliyompata binti yule. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto mwanamume, mzima. Alipokuja kuandikisha ubatizo mama yake alikuja naye, na safari hiyo aliingia ofisini, tukampa kiti. Tuliandika jina la mtoto na jina la mama. Mahali pa baba tulipaacha tupu, maana kanuni ya 877 yataka hati ya serikali, au tamko la mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili, na mwanamume yule alikuwa ametoroka kabla polisi hawajafika. Binti alipatazama mahali pale patupu kitambo, kisha akatuuliza kama tarehe tumeiandika sawasawa. Tulikuwa tumeikosea. Tukaisahihisha.

Mwezi Januari 2022 aliingia tena Kidato cha Pili, katika shule nyingine, na bibi wa mtoto humlea mchana. Baba yake hupita mbali na nyumba ya mapadre hata leo. Tumemwandikia barua mbili.